Tortelini za Mtu wa Modena

"Ukiendelea kumshika huyo kondoo hivyo, itabidi umnunue," Loris aliniambia kutoka ndani ya kibanda chake.

Nilimrudisha kondoo wa udongo kwa wenzake nikachukua mwingine. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na chini ya matao ya kanisa la Servi, hapa Bologna, watu walikuwa wamejaa kama kila mwaka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Wengine walitafuta Yosefu wa kumweka kwenye pango la Krismasi badala ya aliyevunjika, wengine walikula njugu karanga za sukari, na watoto walivutwa mikono kuondolewa mbele ya vibanda vya peremende. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye nguzo. Mimi nilisimama nilivyozoea, ubavu kwa Loris na mgongo barabarani, kama mteja asiyejua anachotaka.

Mteja huyo nilikuwa nimemwigiza kwa mwaka mzima na mwezi mmoja. Nyumbani nilikuwa na kondoo ishirini na saba na wachungaji wawili tu.

"Jumapili ni kesho kutwa," akasema.

"Najua Jumapili ni lini."

"Utamwambia mama mkwe wako?"

"Nitamwambia."

"Mwaka jana pia ulisema utamwambia."

"Mwaka jana nilikuwa nimekujua kwa wiki tano. Mimi hata dobi simwamini kwa wiki tano."

Alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akanitazama, na hapo ndipo huwa napata tabu. Loris hatazami haraka. Ana miaka arobaini na saba, ndevu zimeota mvi upande mmoja tu, kucha zake hazijawahi kuisha udongo, na akikutazama macho yake yanakaa usoni mwako kama mtu anayepima kama udongo umekauka vya kutosha kuingia tanuri. Siku ya kwanza kunitazama hivyo nilikuwa nimekwenda na utepe wangu wa kupimia kumwambia rafu yake imezidi mpaka kwa sentimita kumi na mbili. Kazi yangu ni hiyo, napima majengo na mipaka, na sina kawaida ya kumwonea mtu haya. Siku ile niliona haya, nikapima mara mbili.

"Ornella," akasema, "nimekata tiketi."

"Tiketi gani?"

"Ya Trento. Tarehe ishirini na nne, saa kumi na dakika ishirini. Dada yangu ana chumba kitupu uani, anasema nikigeuze karakana. Hayo anayasema tangu mwaka juzi." Alikuwa akifunga punda kwenye gazeti la mteja, na hakuinua macho. "Mwaka jana ulinipa tortelini za Krismasi kwenye kopo la plastiki. Tarehe ishirini na sita, nyuma ya kibanda. Nilizila baridi, nimesimama, na zilikuwa tamu kuliko chakula chochote nilichokula mwaka ule. Lakini mara ya pili sitaweza. Ukinitaka mezani, nipo. Usiponitaka, nitakwenda Trento, na sitarudi mwezi wa kwanza."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakuambia ratiba."

Nilimshukuru Mungu kwa ukungu. Nililipa kondoo wa ishirini na nane nikaondoka.

* * *

Nyumbani kwa Iolanda, mama mkwe wangu, Krismasi huamuliwa Jumapili ya tortelini. Tunakaa wanawake kuzunguka ubao, Iolanda anasukuma unga mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili, tunakata vipande, tunaweka nyama kiasi cha punje ya mbaazi, tunakunja na kuzungushia kwenye kidole kidogo. Lakini kabla ya yote hayo yeye huuliza tuko wangapi. Kichwa kimoja, yai moja. Yakishapasuliwa, hesabu imefungwa. Mwaka ambao wifi yangu Tiziana aliachana na mchumba wake tarehe kumi na nane, tuligawana sehemu ya yule bwana, na Tiziana alikula kwa machozi mpaka ya mwisho.

Na mwaka aliofariki mume wangu, Davide, Iolanda alipasua mayai matano kwa mazoea. Alikaa akilitazama lile la tano juu ya unga. Mimi ndiye niliyelitoa kwa kijiko. Tangu hapo, miaka sita, tuko wanne: yeye, Tiziana, mimi, na binti yangu Giada anayesoma Padova.

Jumapili ile nilifika saa tatu. Nyama ilikuwa imeshasagwa tangu Ijumaa na kulala kwenye friji: mgongo wa nguruwe, paja la chumvi, soseji ya mortadela, jibini, kungumanga. Supu ya jogoo ilikuwa ikichemka polepole kwa ajili ya chakula cha mchana. Tiziana, ambaye ana saluni na anajua habari za nusu ya mji, alikuwa amekwisha kuanza kunipa za nusu hiyo.

Iolanda alifunga leso kichwani, akachimba shimo katikati ya mlima wa unga, akavuta bakuli la mayai.

"Haya. Tuko wangapi?"

"Watano," nikasema.

Tiziana alinyamaza katikati ya talaka ya mtu.

"Giada analeta mchumba?" Iolanda akauliza.

"Hapana, Mama. Ninaleta mimi."

Nilimwambia moja kwa moja, kama ninavyomwambia mtu kwamba ukuta wake umesimama kwenye kiwanja cha jirani. Anaitwa Loris. Anatengeneza na kuuza sanamu za pango kwenye soko la Servi. Niko naye mwaka na mwezi.

"Yule wa kondoo," Tiziana akasema.

"Unamjua?"

"Wifi, una zizi zima sebuleni. Mimi sio mjinga."

"Mtu wa wapi?" akauliza Iolanda.

Hilo nilikuwa nimeliacha mwisho makusudi. "Modena."

Tiziana alifumba macho. Kati ya Bologna na Modena ni nusu saa kwa treni, na kwa nusu saa hiyo watu wamegombana tangu babu wa babu zetu, na sehemu kubwa ya ugomvi ni nani anajua kukunja tortelini.

Iolanda alichukua yai akalipasua. La pili. La tatu. La nne. Kisha alifuta vidole kwenye aproni, akalisukuma bakuli mbali.

"Mayai manne," akasema. "Sikiliza, binti yangu. Una miaka arobaini na nne, sio mtoto, wala mimi sikuzuii. Nenda naye sinema. Nenda naye baharini, mkaote jua. Lakini mezani kwangu siku ya Krismasi kuna kiti cha mwanangu."

"Kile kiti kina magazeti, Mama. Miaka sita kina magazeti na sanduku la nyuzi."

"Magazeti ni yangu."

Akaanza kukanda.

Nilitakiwa kuendelea, nilikuwa nimejiandaa wiki mbili, lakini nilibaki kutazama mikono yake ikikunja na kusukuma unga. Wazazi wangu walifariki kabla Giada hajatembea. Aliyemlea nikiwa kazini ni huyu. Davide alipolazwa, huyu ndiye aliyekuja hospitali kila asubuhi na chupa ya supu, na supu haikuwa ya mgonjwa, kwa sababu mgonjwa alikuwa hawezi kula tena. Ilikuwa yangu. Alikuwa akisimama pale mpaka nimalize. Mwanamke mwingine ningemjibu. Huyu sikuwa tayari kumkosa.

Kwa hiyo nilikaa, nikafikiria saa kumi na dakika ishirini.

Kengele ya mlango ikalia.

"Itakuwa jirani, anataka chombo cha kuokea keki," Iolanda akasema, akaenda kufungua mwenyewe, mikono imejaa unga. Nilimfuata kwa sababu sikutaka kubaki na macho ya Tiziana.

Alikuwa Loris.

Amelowesha nywele akazichana. Amevaa koti ambalo sijawahi kuliona, lenye alama ya mkunjo wa kabati mabegani. Mikononi alibeba sinia kubwa lililofunikwa kitambaa cheupe, na alilibeba kama padri anavyobeba kikombe cha misa.

"Habari za asubuhi, Bi Iolanda. Mimi ndiye Loris. Ornella atakuwa amekueleza."

Kisha alinitazama juu ya kichwa cha mama mkwe wangu, na akaona. Niliona anavyoona. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini machoni lilikuwa limeshaondoka. Lakini alikuwa ameshaanza, na mtu aliyeshaanza hana pa kurudi.

"Nilifikiri, kichwa kimoja zaidi ni kazi zaidi. Sikutaka kukuongezea kazi. Nimekunja mwenyewe, kwa namna ya mama yangu."

Iolanda aliinua ncha ya kitambaa kwa kidole kimoja.

Tortelini.

Mtu yule angeweza kuja na maua. Angekuja na mvinyo, na chungwa moja, hata mikono mitupu akiwa amelewa, angesamehewa kabla ya mwaka mpya. Lakini kuleta tortelini katika nyumba ya Bologna, Jumapili yenyewe, ubao umeshatandazwa unga, ni kumwambia mwenye nyumba kwamba za kwake hazitoshi. Na za Modena.

"Asante," Iolanda akasema. Alipokea sinia, akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningefurahi kama angeubamiza.

* * *

Nilimkimbilia Loris nikamkuta ghorofa ya pili, ameshika chuma cha ngazi. Kwenye ngazi za jengo lile hata kikohozi kinafika kwa kila mtu, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona.

"Umeleta nini, Loris?"

"Nimeleta nilichokuwa nacho."

"Ungeleta maua. Ungeleta kondoo."

"Kondoo unao wengi."

"Usinichekeshe. Umeleta tortelini kwa Iolanda. Hata mtoto wa chekechea hafanyi hivyo."

"Nilijua sio kawaida. Nilifikiri ataelewa." Alipangusa paji la uso. "Nimekaa nazo siku tatu, Ornella. Nafunga kibanda, napanda treni, nafika nyumbani, nakunja."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza saa ngapi? Ukija unakaa dakika kumi, na zote umeelekeza macho kwenye kondoo."

Hilo liliingia. Lilikuwa kweli.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amepasua mayai manne."

Nilikuwa nimemweleza habari za mayai zamani, tukicheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa jina lake kwenye orodha. Tulisimama tukipishana kidato kimoja, mimi juu, yeye chini, kwa hiyo macho yetu, angalau mara hiyo, yalikuwa usawa mmoja. Nilisikia harufu ya sabuni, na chini ya sabuni ile harufu yake ya udongo ambayo haitoki. Nilitaka kuweka paji langu kwenye bega la lile koti la kabatini na kukaa hapo mpaka mwezi wa pili.

"Una unga hapa," akasema.

Mkono wake uliinuka mpaka karibu na shavu langu. Mlango ulifunguliwa mahali fulani chini, na mimi, kwa mazoea ya mwaka mzima, nikarudi nyuma hatua moja.

Mkono ulirudi mfukoni.

"Usije stesheni tarehe ishirini na nne," akasema. "Nitakuandikia nikifika."

Akashuka. Nilihesabu hatua zake mpaka mlango wa barabarani, kisha nikabaki nimesimama pale na unga wangu shavuni, mtu mzima mwenye kazi na funguo za nyumba mbili.

* * *

Niliporudi, Iolanda alikuwa ameketi. Amevaa miwani ya kusomea. Sinia lilikuwa mbele yake, kitambaa kimetolewa, na Tiziana alikuwa amesimama nyuma yake kimya, jambo ambalo sikumbuki kuwahi kuliona.

"Kaa," Iolanda akaniambia.

Nikakaa.

"Nani alimsaidia?"

"Kufanya nini?"

"Kukunja. Ziko kama mia tatu. Nani alikunja naye?"

"Hakuna, Mama. Amekunja mwenyewe."

"Ndivyo nilivyoona." Alichukua moja akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama. Hii, na hii, na ile ya kule mwisho. Mkono mmoja. Kwenye sinia letu ningekuonyesha za kila mtu hata ukinifunga macho. Za Tiziana zina masikio makubwa."

"Nina vidole vya kazi," Tiziana akasema.

"Zako, Ornella, zimefungwa kama za mtu anayewahi basi. Giada huacha kitundu katikati. Davide..." Aliigeuza tena ile iliyokuwa mkononi. "Davide alikuwa akikunja kwa kushoto. Kinyume. Sikumsahihisha hata siku moja, kwa sababu nilipenda kuzikuta kwenye sahani."

Jina hilo halitajwi mara nyingi jikoni mle.

"Mama yake yuko hai?"

"Alifariki miaka tisa iliyopita. Ana dada mmoja, Trento."

"Na miaka tisa yote anakunja na nani?"

"Sijui. Nadhani hakunji."

"Anakunja. Mkono huu haujasahau." Aliirudisha ile tortelini mahali pake, kwenye mstari wake. "Mwaka ule wewe na Giada mlipokwenda Uhispania, na Tiziana alikuwa na homa. Nilisema mimi ni mtu mzima, nitakunja peke yangu. Nilikunja sitini. Kisha nikajikuta nazungumza na jiko. Niliziacha pale pale zikakauka, na Krismasi nikala mkate na supu. Sikuwaambia."

"Mama," Tiziana akasema.

"Sasa ninakuambia. Mtu aliyekunja mia tatu peke yake anataka kitu sana, au ana kichaa."

"Anataka kukaa mezani," nikasema. "Basi."

Iolanda alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso. Bila miwani uso wake huonekana mdogo, kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Unadhani ninaogopa kiti?" akauliza. "Kiti nitatoa magazeti, dakika mbili. Ninaogopa atakuchukua. Mwaka huu atakuja kwangu na nywele zimechanwa. Mwakani utaniambia, Mama, safari hii tunakwenda Modena, safari hii tunakwenda kwa dada yake. Giada atapita tarehe ishirini na sita anibusu na kukimbilia treni. Na mimi na huyu tutatazama runinga."

"Asante, Mama," Tiziana akasema.

"Nasema kweli. Hata runinga unalala kabla ya Papa hajamaliza kubariki."

Nilivuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Sina ufundi wa maneno ya moyoni. Niliyasema kama yalivyokuja.

"Mama, mimi sina kwingine. Hata nikiolewa na mfalme, Krismasi ninakula hapa. Yeye ndiye asiye na meza. Ndiyo sababu namleta kwako, badala ya mimi kwenda kwake. Kama ningetaka kukuacha ningeshakuacha kimya kimya, isingenigharimu mwaka mzima wa kununua kondoo."

Sauti ilinitetemeka kwenye kondoo, mahali pa kijinga kabisa.

Iolanda aliinuka, akachota supu kwenye sufuria ndogo, akaiweka motoni, na ilipochemka akatia tortelini kumi na mbili kutoka kwenye lile sinia. Alizihesabu. Tulikula wima, watu watatu, vijiko kwenye sufuria moja.

"Kungumanga nyingi," akasema baada ya ya kwanza.

Baada ya ya pili akasema, "Nyama ameipika kabla ya kusaga. Sisi tunatia mbichi."

Ya tatu aliitafuna polepole sana.

"Mbaya?" Tiziana akauliza.

"Nimesema mbaya?"

Akala ya nne, maana kila mtu alikuwa na nne, na akatazama ndani ya sufuria kuhakikisha kwamba ni ya mwisho kweli. Kisha alivuta bakuli, akachukua yai, akampa Tiziana.

"Kanda donge jingine dogo, la yai moja. Hili kubwa lifunike, lipumzike nusu saa. Ornella, niletee koti."

"Tunakwenda wapi?"

"Servi. Nimesikia habari za stesheni kwenye ngazi; unataka aondoke?"

* * *

Misa ilikuwa imetoka. Chini ya matao ya Servi hapakuwa na pa kuweka mguu, na kwa sababu ya ukungu sakafu ilikuwa imelowa inang'aa. Loris alikuwa akimweleza mama mmoja kwa nini malaika wake hana bawa la kushoto. Alipotuona alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Malaika akabaki hana mtetezi.

Iolanda hakumsalimu. Alianza kukagua kibanda, kutoka mwanzo mpaka mwisho: ng'ombe, punda, mama wa maziwa, muuza samaki, yule mwanamke aliyeinua mikono kwa mshangao ambaye katika kila pango la mji wetu lazima awepo. Aliwainua mmoja mmoja, akawatazama upande wa chini, akawarudisha. Mimi nilisimama nyuma yake. Loris hakunitazama. Nilielewa kwamba hakuthubutu.

"Kungumanga umezidisha," Iolanda akasema hatimaye.

"Mama yangu alikuwa akizidisha."

"Basi hukuzidisha."

Loris aliinamisha kichwa upande wa vibanda vingine, akakaa hivyo kidogo, na kofia ikawa imebanwa mpaka imepoteza umbo.

"Tarehe ishirini na tano," Iolanda akaendelea, "saa saba kasoro robo. Meza yangu haimsubiri mtu. Utakula zangu. Zako tutakula kesho yake, na nitamwambia kila mtu kwamba ni zako, ili wasidhani nimechanganyikiwa. Usilete kitu."

"Hata maua?"

"Maua lete. Chakula usilete."

"Bi Iolanda, nina tiketi ya Trento ya tarehe ishirini na nne."

"Dada yako ana meno?"

"Ana meno, ndiyo."

"Basi mwambie apande treni yeye, aje tarehe ishirini na sita, mia tatu ni nyingi. Sasa nisindikize nyumbani. Sakafu inateleza na unga wangu ukipumzika sana unakuwa mgumu. Utaosha mikono kwa brashi, na utakunja."

"Sasa hivi?" Aliangalia wateja, aliangalia malaika. "Kibanda nitamwachia nani?"

"Ornella yupo. Ana diploma. Atashindwa kuuza mbuzi?"

Ndipo Loris aliponitazama. Alifungua kamba za aproni yake taratibu, akazunguka meza, akaja mpaka mbele yangu katikati ya watu wote waliotoka misa. Nilinyoosha mkono nipokee aproni. Alinipa aproni, na mkono wangu akaushika. Mke wa mfamasia alipita akatutazama. Nilimtazama mke wa mfamasia. Sikurudi nyuma. Kidole gumba cha Loris kilipita juu ya shavu langu, kikaondoa ule unga, ambao nilikuwa nimetembea nao mtaa mzima bila mtu hata mmoja kuniambia.

"Nimechelewa kuomba radhi," nikamwambia.

"Kwa mwaka na mwezi," akasema. "Nitaomba fidia."

"Fidia baadaye," Iolanda akasema. "Unga."

Alimpa Loris mkono, sio kwa kumshika tu, bali kwa kumwegemea, uzito wote wa miaka sabini na sita, na wakaondoka katikati ya barabara ya matao ambako kila mtu anapita. Aliyumbayumba kidogo mara mbili mahali pakavu. Niliona wanasimama mbele ya mwanamke wa duka la vitambaa. Niliona Iolanda akinyoosha kidole kumwonyesha yule bwana aliye ubavuni mwake, kama angeweza kutoonekana. Wakasimama tena mbele ya kinyozi wa zamani wa Davide. Huyo alivua kofia, akampa Loris mkono, akaushika kwa muda. Kisha ukungu ukawafunika, lile koti lenye mkunjo na leso ya mama mkwe wangu, ambayo alikuwa amesahau kuivua kichwani.

Nilifunga aproni. Ilinizidi mara mbili. Yule mama wa malaika alikuwa ameondoka, na mahali pake alisimama mzee mwenye mjukuu mabegani, amemshika punda kwa masikio.

"Huyu bei gani?"

"Sijui," nikasema. "Ngoja nitazame chini yake."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amemsindikiza mkwewe nyumbani."